Mwaka Nisiopata Pancha

Kwa miaka miwili nilionana na kaka yangu siku zile tu tairi langu lilipotoboka. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema aliyekutwa na bahati mbaya. Bahati mbaya ipo, nitaifikia, lakini kabla yake kulikuwa na kiburi, na kiburi kile kilikuwa changu.

Kaka alikuwa fundi wa pancha Yeoville, mtaa wa hapa Johannesburg. Karakana hakuwa nayo. Alikuwa na kipande cha ukuta kinachotazama barabara, kompresa, ndoo ya maji ya sabuni, makreti mawili ya soda ya kukalia, na turubai la bluu ambalo akina mama wa saluni ya jirani walimsaidia kulikamata upepo ulipozidi. Mimi nilikuwa, na bado niko, dereva wa pikipiki ya kupeleka vyakula. Kituo changu ni Randburg, na mchana hunipeleka sana Sandton, kwenye maofisi ambayo watu wake hawana muda wa kushuka kula. Sote wawili tulitoka Bukavu, Kongo, yeye akitangulia kwa miaka sita. Ndiye aliyenipokea, akanilaza kwenye kochi lake mwaka mzima, akanitafutia koti langu la kwanza la baridi ya huku, ile baridi kavu ya mwezi wa sita inayopasua midomo. Kwetu mkubwa huitwa yaya, na mdogo huitwa petit. Sijawahi kumwita kaka yangu kwa jina lake hata mara moja.

Tuligombana siku ya ubatizo wa mwanawe wa mwisho. Nyumba ilijaa watu wa kanisa, sahani zinapita juu ya vichwa. Mama yetu alipigiwa simu Bukavu, simu ikawekwa mezani kwa sauti ya juu ili kila mtu amsikie akibariki. Akamaliza kubariki, akaomba asalimiane na mjukuu wake mkubwa, binti wa kaka, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Mama anauliza kwa Kiswahili, mtoto anamtazama baba yake, kisha anajibu kwa Kiingereza. Mama haelewi, anacheka, anauliza tena polepole, mtoto anajibu tena kwa Kiingereza. Watu wakaanza kutazama sahani zao. Ningeweza kunyamaza na mambo yangepita. Lakini mimi tangu utotoni nikiona mahali penye kidonda hutia kidole. Nikainamia ile simu nikasema, mbele ya wote:

"Mama, mwache tu. Mwanao alikuzalia wazungu huku. Huyu mtoto hautazungumuza naye mpaka unakufa."

Wachache walicheka. Kaka hakucheka. Aliichukua simu, akamwambia mama kwamba mtandao ni mbaya, akaizima. Kisha akanisogelea karibu kabisa, akaniambia kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa kupayuka, "Petit, toka mu nyumba yangu." Nikatoka, koti begani, na sahani yangu ya wali ikabaki nusu.

Kwetu jambo kama hilo lina njia yake. Mdogo ndiye huenda. Haendi peke yake wala mikono mitupu. Humwomba mtu mzima amsindikize, na huku ugenini mtu huyo ni mzee wa kanisa. Hushika kitu mkononi, jogoo au kreti ya soda, huketi mahali palipo chini kuliko mkubwa, husema neno lake, na mambo huisha. Mkubwa yeye haendi kwa mdogo, hata kama moyo unamuuma namna gani. Akienda, ameshusha heshima ya nyumba nzima. Nilijua yote hayo, na nilijua kwamba nimekosa. Neno lenyewe ni fupi, nisamehe, na mtoto wa chekechea analiweza. Mimi nilikuwa nalifanyia mazoezi ndani ya helmeti, nikiwa njiani, na kila nikishuka kwenye pikipiki nalisahau makusudi.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja ya sikukuu nilikuwa napita upande ule na mzigo, nikasikia mkia wa pikipiki unacheza. Msumari, tairi la nyuma. Mafundi wote niliowajua walikuwa wamefunga isipokuwa mmoja. Nikasukuma pikipiki kupandisha kilima, jasho linanitoka, nikiomba Mungu ampe kaka udhuru awe amefunga naye. Alikuwepo. Aliniona tangu mbali, akainuka, akavuta kreti pembeni kunipisha.

"Ni ya nyuma?"

"Ya nyuma, yaya."

"Simamisha ku kivuli."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Alipaka maji ya sabuni kwenye tairi, akalizungusha taratibu mpaka mapovu yakatuonyesha mahali, akang'oa msumari kwa koleo. Matairi yangu hayana mpira wa ndani, kwa hiyo tundu huzibwa kwa uzi mnene wa mpira uliopakwa gundi. Akalisugua tundu, akasukuma uzi ule kwa nguvu ya bega, akakata uliobaki kwa wembe. Akajaza upepo, akatemea mate pale alipoziba aone kama panatoa povu. Hapakutoa. Nikashukuru, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga ambayo sikutaka kuijua sababu yake.

Tangu hapo pancha ikawa ndiyo ruhusa yetu. Hakuna aliyemwendea mwenzake, ni tairi ndilo lililotoboka. Yeye heshima yake imebaki, na mimi kiburi changu pia. Na Johannesburg haikutunyima. Kuna misumari ya wajenzi, kuna vipande vya chupa, kuna nyaya nyembamba zinazobaki barabarani watu wakishachoma matairi kwenye maandamano yao, na hizo hupenya mpira bila kujali. Kila mwezi nilikuwa na sababu yangu. Mama akiuliza kwenye simu, umemwona yaya wako, nilijibu nimemwona, wiki iliyopita alinitengenezea tairi. Hata sikuwa nasema uongo.

Nitakiri jambo jingine. Siku moja nilitoboka Randburg, na mbele ya macho yangu kuna fundi, mlango wazi, hana kazi. Nikaazima pampu, nikajaza upepo, nikaendesha mpaka Yeoville nikisimama kila mahali kujaza tena, tairi likilia njia nzima. Abiria wa teksi walinionyesha kwa vidole wakidhani sijui. Nilijua vizuri sana.

Ziara ndefu kuliko zote ilikuwa siku ya kusawazisha gurudumu. Nilikuwa nimebadili tairi, na kila nilipofika mwendo wa barabara kuu usukani ulianza kutetemeka mikononi. Kaka alifungua gurudumu la mbele, akapitisha chuma katikati, akakilaza juu ya yale makreti mawili ili gurudumu lining'inie na kuzunguka lenyewe. Likizunguka mpaka kusimama, upande mzito unashuka chini. Basi juu yake, upande mwepesi, anabandika kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye rimu. Analizungusha tena, anangoja. Anaongeza, anapunguza. Kazi hiyo haina haraka, na wakati gurudumu linazunguka hakuna la kufanya ila kulitazama. Tulikaa tumelitazama karibu saa nzima, magoti yetu yanakaribia kugusana. Niliona mvi kwenye ndevu zake ambazo sikuwa nimeziona. Niliona pia kwamba anapumua kama mtu aliyepanda ngazi, na hakuwa amepanda popote.

"Yaya," nikasema.

"Eee."

Gurudumu likazunguka, likapungua, likasimama.

"Hapana," nikasema. "Hakuna kitu."

Alinitazama kidogo, akabandika kipande cha mwisho, akakikandamiza kwa kidole gumba muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nafikiri alijua. Nafikiri alikuwa ananipa nafasi, na mimi nikaiacha ipite nikimtazama.

Halafu ikaja dawa ya tairi. Aliileta dereva mwenzetu, Mtanzania, mtu wa maneno mengi, pale tunapongojea oda Randburg. Ni maji mazito ya kijani, ndani yake mna nyuzinyuzi ndogo. Unafungua vali, unamimina kipimo chake, unajaza upepo, kisha unaendesha papo hapo ili dawa isambae ndani. Tairi likichomwa, upepo unaotoka unaivuta dawa kwenye tundu na tundu linajifunga lenyewe. Sisi tulicheka. Yeye akachukua msumari na jiwe, akaligongelea tairi lake mwenyewe, akaung'oa. Likatoka tone moja la kijani, basi. Tukaacha kucheka.

"Kaka, ukiweka hii pancha unaisikia kwa wenzako tu," akaniambia. "Halafu hivyo virisasi vyako kwenye rimu ng'oa, havina kazi tena. Dawa yenyewe inakimbilia penye upungufu. Gurudumu linatulia kama limelala."

Nikaiweka mbele na nyuma. Virisasi vya kaka nikavibandua kwa bisibisi, kimoja kimoja, na kile cha mwisho kilikuwa kigumu kutoka. Sikuvitupa mbali, niliviangusha tu pale kwenye lami. Nikaendesha kwenda Sandton na kurudi, na kweli, usukani ulitulia. Yule Mtanzania hakunidanganya hata kidogo.

Wenzangu walinunua dawa ili wasipoteze oda, nami niliwaambia hivyo hivyo. Lakini nilikuwa na hesabu yangu nyingine. Nilisema moyoni, sasa umekwisha mchezo wa kujificha nyuma ya tairi. Sasa nitakwenda kwa yaya kama mdogo wake, si kama mteja. Nitamchukua mzee wa kanisa, nitashika jogoo, nitakaa chini, nitasema. Nililiamini hilo kwa moyo wote. Nililala vizuri usiku ule nikijiona nimekuwa mwanamume.

Mzee wa kanisa alikuwa amesafiri kwenda Durban kwa binti yake. Aliporudi nikaugua mafua. Nilipopona zikaja wiki za mvua, ambazo kwetu sisi ndizo za kazi, kila mtu anataka kuletewa. Kisha Krismasi. Na kadiri siku zilivyozidi ndivyo ziara yenyewe ilivyokua kichwani mwangu. Baada ya miezi minne niliona jogoo hatoshi. Baada ya miezi saba nikawa nafikiria mbuzi, na suti, na wazee wawili badala ya mmoja. Nilikuwa najiandaa kama anayekwenda kuposa. Wakati huo wote matairi yangu yalikuwa mazima, na Yeoville sikuwa na sababu ya kukanyaga.

Nilimwona mara moja tu katika miezi hiyo. Nilikuwa kwenye roboti, ndivyo huku waitavyo taa za barabarani, imewaka nyekundu, na yeye alikuwa ng'ambo anavuka na mkate mkononi. Alisimama kwenye ukingo wa barabara. Nikainua kioo cha helmeti. Hakuutazama uso wangu kwanza, alitazama tairi la nyuma, akalitazama vizuri, jinsi lilivyojaa, kisha la mbele, pale kwenye rimu palipokuwa na virisasi vyake. Ndipo akaniangalia. Taa ikawa kijani, magari nyuma yangu yakaanza kupiga honi. Nikainua mkono. Naye akauinua ule wenye mkate. Nikaondoka nikisema Jumapili, Jumapili hii hata dunia ipinduke. Jumapili hiyo nilifua nguo.

Siku alipoanguka ilikuwa Jumanne asubuhi. Alikuwa amejaza upepo tairi la teksi, akainama kuchomoa bomba, hakuinuka. Akina mama wa saluni walimlaza kwenye turubai lake na kumpepea mpaka gari lilipopatikana. Shemeji yangu, mke wake, alinipigia nikiwa Sandton, ndani ya lifti, na chakula cha mtu mkononi. Alisema neno moja tu, kuya, yaani njoo. Nikapeleka kile chakula hadi mezani kwa mwenyewe, nikamtakia mlo mwema, nikashuka, nikaendesha. Mpaka leo sijui kwa nini nilikipeleka kwanza. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Moyo, walisema. Kumbe mwaka mzima alikuwa anakwenda kliniki na kumeza vidonge. Mimi sikuvijua.

Siku za matanga niliketi na wanaume uani, nikapanga viti, nikakata kuni, nikafanya kila kazi ambayo haihitaji kuongea. Watu walinipa pole kama ndugu wa marehemu, na kila pole ilinichoma. Siku ya tatu baada ya maziko shemeji alinikuta nasuuza masufuria. Alikuwa na kanga nyeusi kichwani, macho yamevimba. Hakuja kunigombeza, alikuwa anaulizia kitu ambacho hakukielewa.

"Shemeji, ulikuwa umepata fundi mwingine?"

"Fundi gani?"

"Wa pine," akasema, akimaanisha tairi. "Yaya wako alisema umepata mwingine. Kila dereva wa pikipiki mwenye alikuwa anapita, alikuwa anamuuliza: petit wangu hapate pancha? Wanamuambia tunamuona, eko muzima, anatembea. Njo akasema, bon, basi, amepata fundi mwingine. Na risasi zangu ametosha, haziko tena ku rimu."

Mtu mwingine akamwita, akaenda. Nikabaki na sufuria mikononi na maji yanamwagika kwenye viatu vyangu.

Nilitaka kumweleza ile ile wiki. Nilishindwa. Unamwambiaje mjane kwamba mumewe amekufa akidhani ameachwa, kumbe ni chupa moja ya maji ya kijani? Ningeonekana natafuta njia ya kujisafisha, na kweli ndicho nilichokuwa natafuta.

Mwezi mmoja baadaye tairi la nyuma likawa kipara, ikabidi libadilishwe. Nikaenda kwa fundi wa Randburg, yule yule niliyemruka siku ile na pampu ya kuazima. Alipolitenga tairi na rimu dawa ilimwagikia kwenye buti zake, akalaani, maana mafundi hawaipendi, inawachafulia kazi na kuwanyima wateja. Akalifuta kwa tambara, akaligeuza kwenye mwanga, akapiga mluzi. Akaniita nione. Ndani ya mpira, huku na huku, zilikuwa zimetokeza ncha. Dawa ilikuwa imezifunika, nami nilikuwa nimetembea nazo miezi yote ile bila kujua. Akazitoa kwa koleo, akizidondosha moja moja kwenye kifuniko cha kopo: misumari minne, skrubu, vipande viwili vya waya wa tairi lililochomwa. Saba. Alikuwa anacheka, ananipongeza kwa dawa nzuri.

Mimi niliketi chini kwenye sakafu ile yenye mafuta. Mara saba barabara ilinitoboa ili niende kwa kaka yangu. Mara saba angesema simamisha ku kivuli, na pengine katika hizo saba moja ningefungua mdomo. Nililia, na kwa sauti. Fundi aliacha kucheka, akaniletea maji kwenye kikombe chake cha chai, akafunga tairi jipya bila kuniuliza chochote. Nilimwomba ile misumari, akanipa na kile kifuniko.

Nilikwenda Yeoville moja kwa moja, mchana, nikiwa na jaketi la kazi. Shemeji hushona nguo nyumbani. Alikuwa kwenye cherehani, vitambaa vimemjaa magotini. Niliweka kifuniko mbele yake. Nikamweleza yote kwa pupa, dawa, kijani, vali, Mtanzania, mzee wa kanisa, Durban, mbuzi.

"Sikuwa na fundi mwingine, shemeji," nikasema. "Ona. Hakuna mtu aliyeligusa lile tairi. Ilikuwa imo ndani yote."

Aliacha kukanyaga cherehani. Akaigusa kwa kidole, mmoja mmoja, midomo yake ikihesabu.

"Ziko saba."

"Saba."

Akakirudisha kifuniko mbele yangu. Kisha akasema, bila hasira yoyote, na heri angekuwa nayo, "Ungekuya tu, shemeji. Hata bila musumari, ungekuya tu."

Nikapiga magoti pale kwenye vipande vya vitambaa. Lile neno nililolifanyia mazoezi miaka yote likatoka lenyewe, likatoka mara mbili, tatu, sikuweza kulizuia. Nisamehe. Aliniwekea mkono kichwani kama anavyowawekea wanawe, akaungoja mwili wangu utulie.

"Mimi haukunikosea," akasema.